Mel King wa Boston: Mwalimu Aliyepitia Bungeni

Tarehe 28 Machi 2023, Mzee Melvin King, ambaye Boston nzima ilimwita Mel, alifariki dunia nyumbani kwake katika mtaa wa South End akiwa na umri wa miaka 94. Nje ya mji huo, anayemtaja huanza kwa kawaida na uchaguzi wa 1983, alipokuwa mtu mweusi wa kwanza kufika duru ya mwisho ya kugombea umeya wa Boston, kisha huongeza miaka yake kumi katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Massachusetts. Yote hayo ni kweli na yanastahili heshima. Hata hivyo, mimi niliyesomea ualimu na sasa naishi katika jimbo hilohilo, naona maisha yake yanaeleweka vizuri zaidi yakisomwa kuanzia upande mwingine. Mel King alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mbunge, alikuwa mwalimu alipokuwa mbunge, na baada ya ubunge alifundisha kwa karibu miaka arobaini. Sheria alizozipigania zina alama ya mtu anayejiuliza kila mara: baada ya mimi kuondoka hapa, hawa watu wataweza kuifanya kazi hii wenyewe?

Alizaliwa South End tarehe 20 Oktoba 1928, kwa wazazi waliohamia Marekani kutoka Barbados na Guyana. Familia iliishi katika eneo lililojulikana kama New York Streets, kwa sababu barabara zake zilibeba majina ya miji na sehemu za jimbo la New York: Seneca, Oneida, Oswego, Genesee, Rochester. Katika barabara hizo chache waliishi pamoja watu weusi, Wayahudi, Waairishi, Wasiria, Wagiriki, Wachina na wengine, wengi wao vibarua na wafanyakazi wa mishahara midogo. King aliwahi kusimulia kwamba alipokuwa akikua hakujua kuwa anaishi mahali panapoitwa kitongoji duni. Alilijua hilo baada ya kulisoma gazetini. Katikati ya miaka ya 1950 mji wa Boston uliibomoa New York Streets yote, ukiwa mradi wake wa kwanza wa kile kilichoitwa kufufua mji. Familia zilitawanyika, viwanja vikapewa viwanda na maghala, na gazeti moja kubwa la mji likajenga kiwanda chake cha uchapaji hapohapo. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyewahi kuishuhudia bomoabomoa hahitaji kuelezwa zaidi.

Kabla ya hapo kijana huyo alikuwa amemaliza shule ya sekondari ya ufundi ya Boston mwaka 1946, akaenda Claflin College huko Orangeburg, South Carolina, chuo cha watu weusi katika jimbo ambalo sheria zake zilimtenga mtu mweusi karibu kila mahali, na akahitimu hisabati mwaka 1950. Mwaka uliofuata alipata shahada ya pili katika elimu kutoka chuo cha ualimu cha Boston. Akafundisha hisabati katika shule za ufundi za mji, ikiwemo ile aliyosoma mwenyewe. Mwaka 1953 aliacha darasa la shule akaenda kufanya kazi na vijana wa mtaani kupitia Lincoln House, mojawapo ya vituo vya jamii vya South End. Wapo wanaousimulia uamuzi huu kama kuuacha ualimu. Sikubaliani nao, kwa sababu kila alichokifanya baada ya hapo kilikuwa kufundisha, isipokuwa hapakuwa na kengele wala rejista.

Kazi ile ya vituo vya jamii ilimfikisha kwenye mgogoro wake wa kwanza mkubwa. Msimamo wake ulikuwa kwamba mipango ya kuujenga upya mtaa iamuliwe na wakazi wenyewe, wala si kupangwa ofisini kisha wakazi waitwe kuarifiwa. Waajiri wake walimfukuza kazi kwa sababu ya msimamo huo. Wakazi waliandamana, akarudishwa, na safari hii akapewa jukumu la kuwaunganisha watu. Naliona tukio hili kuwa kubwa kuliko linavyohesabiwa, kwa sababu ndipo alipopata uthibitisho kwamba watu aliowafundisha wameelewa somo kiasi cha kulitumia kumtetea mwalimu wao.

Mara tatu, mwaka 1961, 1963 na 1965, aligombea nafasi katika kamati ya shule za Boston, na mara zote tatu alishindwa. Ndiyo miaka ambayo wazazi weusi, wakiongozwa na watu kama Ruth Batson wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, walikuwa wakiieleza kamati hiyo kwamba shule za watoto wao zimetengwa na zinapewa fedha kidogo, nayo kamati ikikataa hata kukiri kwamba utengano upo. Mwaka 1974 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba kamati ilikuwa imewatenga wanafunzi kwa makusudi, na amri iliyofuata ya kuwasafirisha watoto kwa mabasi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ikapokewa kwa mawe na matusi. King alikuwa amekwisha kujifunza, kwa kushindwa mara tatu, kwamba mlango wa kamati ile haungefunguka kwa hoja nzuri peke yake.

Kisha ukaja mwaka 1968. Kwenye kona ya Dartmouth Street na Columbus Avenue palikuwa na nyumba zilizobomolewa, wapangaji wake wakaondolewa, na kiwanja kikageuzwa maegesho ya magari, huku ukiwapo mpango wa kujenga hapo jengo kubwa zaidi la maegesho. Mwishoni mwa Aprili, wiki chache tu baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, wakazi wakiongozwa na Mel King pamoja na umoja wao uitwao CAUSE waliingia katika kiwanja kile na kuyazuia magari. Polisi waliwakamata baadhi yao. Waliobaki walirudi, wakapiga mahema, wakajenga vibanda vya mbao, wakapika, wakaimba, na kwa siku kadhaa wakakaa pale wakidai kitu kimoja kinachoeleweka na kila mtu: palipokuwa na nyumba za watu pajengwe nyumba za watu. Mahali pale pakaitwa Tent City, yaani mji wa mahema.

Mahema yaliondolewa baada ya siku chache, na maandamano mengi duniani huishia hapo. Haya hayakuishia hapo. Wakazi waliendelea kukutana, kuchora michoro yao, kuomba fedha, kushtaki, kupinga kila mpango uliowasahau na kuwashawishi wanasiasa kwa miaka ishirini, hata pale jengo la kifahari la maduka na hoteli lilipoota ng'ambo ya barabara na bei ya ardhi kupanda mno. Mwaka 1988 nyumba 269 zilifunguliwa kwenye kiwanja hichohicho, kwa jina lilelile la Tent City. Robo ya nyumba hizo zilitengwa kwa wenye kipato cha chini, nusu kwa wenye kipato cha wastani, na robo iliyobaki ikapangishwa kwa bei ya soko. Anayepita leo Columbus Avenue akitoka kituo cha Back Bay huyaona majengo hayo ya matofali mekundu na pengine hudhani yamekuwapo siku zote. Kwangu ni mojawapo ya kazi za siasa zilizo nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuziona kwa macho, na kinachonigusa zaidi ni urefu wa muda ule: mtoto aliyezaliwa mwaka wa mahema alikuwa mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura siku nyumba zilipofunguliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 King alianzisha katika chuo maarufu cha teknolojia cha MIT, ng'ambo ya mto Charles, programu ya kuwachukua watendaji wa jamii kutoka mitaa ya watu weusi na jamii nyingine zilizosukumwa pembeni, na kuwapa mwaka mmoja wa kusoma, kutafakari na kufanya utafiti juu ya matatizo ya mahali walikotoka. Aliiongoza hadi mwaka 1996. Msingi wake ulikuwa kwamba mama aliyeendesha umoja wa wapangaji kwa miaka kumi anajua mambo ambayo profesa wa mipango miji hayajui, na kwamba chuo kikuu kinapaswa kumpa mama huyo maktaba, muda na heshima, kisha kimrudishe kwao akiwa na nguvu zaidi. Wengi wetu tuliopita vyuo vya ualimu tulifundishwa kwamba mwanafunzi huja na ujuzi wake darasani. Ni wachache walioweza kuijenga taasisi nzima juu ya imani hiyo ndani ya chuo cha hadhi ile.

Alichaguliwa kuingia bungeni mwaka 1972, akaanza kazi Januari 1973. Jengo la bunge la Massachusetts, lenye kuba la dhahabu juu ya kilima cha Beacon Hill, lilikuwa na desturi ya suti na tai. King aliingia humo akiwa amevaa dashiki. Vazi lile limezungumzwa sana na sitakaa nalo muda mrefu. Ninachotaka kieleweke ni aina ya sheria alizoshughulika nazo. Mwaka 1974 ilipitishwa sheria aliyoipigania ya kuruhusu ardhi ya umma iliyokaa bure itumiwe na wananchi kwa kilimo cha bustani, na viwanja vilivyokuwa vimejaa vifusi vya bomoabomoa vikaanza kutoa nyanya, mahindi na mboga za majani. Mwaka 1975 liliundwa shirika la umma la kufadhili maendeleo ya jamii, ambalo kazi yake ilikuwa kuweka mtaji katika biashara zilizoungwa mkono na mashirika ya wakazi katika mitaa ambayo mabenki yalikuwa yameikimbia. Mwaka 1978 likaongezwa shirika jingine, CEDAC, la kuyapa mashirika hayo utaalamu na mikopo ya awali, kwa sababu ilikuwa imebainika kwamba kikundi cha wakazi kinaweza kuwa na ardhi na nia, na bado kikakwama kwa kukosa fedha za kumlipa msanifu majengo au mwanasheria wa kusoma mkataba.

Sheria hizo hazikutungwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. King alikuwa na kikao cha kifungua kinywa kila Jumatano asubuhi huko MIT, ambako watu wa mitaani, maofisa wa serikali, wasomi na watu wa fedha walikaa meza moja na kubishana juu ya nini hasa kinakosekana. Mswada ulipofika bungeni tayari ulikuwa umepitia mikononi mwa watu watakaoutumia. Wabunge wengi, huko na kwetu, huipima kazi yao kwa mradi waliouleta: barabara, zahanati, kisima. Mambo hayo ni ya lazima, wala sidharau kisima. Lakini yeye aliwaachia wapiga kura wake ardhi ya kulima, chombo cha mtaji na ofisi ya utaalamu, na akawaachia pia uamuzi wa kuvitumia kwa jambo gani.

Nafika sasa kwenye jambo linalonihusu kwa damu. Nilikulia Morogoro, na kwetu Mazimbu hapakuwa jina la mbali. Hapo ndipo chama cha ANC kilipojenga, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kwa ajili ya vijana wa Afrika Kusini waliokimbia nchi yao baada ya maasi ya Soweto ya 1976. Tanzania ilikuwa nchi ya mstari wa mbele, na mtoto wa shule ya msingi alilijua neno Makaburu kabla ya kujua kugawanya sehemu. Tulijua kwamba tunawapa ndugu zetu ardhi na hifadhi. Hatukujua kwamba katika bunge la jimbo moja la Marekani alikuwapo mwalimu wa hisabati aliyekuwa akiupiga vita mfumo uleule kwa kutumia vitabu vya hesabu za pensheni.

Massachusetts ilikuwa na historia yake katika suala hilo. Mwaka 1970 wafanyakazi weusi wa kampuni ya Polaroid huko Cambridge, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba vifaa vya mwajiri wao vilitumika kupiga picha za pasi, yaani vitambulisho ambavyo Mwafrika alilazimishwa kuvibeba nchini mwake, wakaanzisha kampeni iliyoendelea hadi kampuni ilipojiondoa Afrika Kusini mwaka 1977. King na seneta Jack Backman walilihamishia jambo hilo katika fedha za umma. Mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wa jimbo na ya walimu ilikuwa imewekezwa katika hisa na hati fungani za makampuni mbalimbali, yakiwemo yale yaliyofanya biashara na serikali ya Makaburu au chini ya ulinzi wake. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Boston aliyekuwa akiuchukia ubaguzi wa rangi alikuwa, bila kuulizwa, anausaidia kwa makato ya mshahara wake wa kila mwezi. Kumweleza mtu huyo uhusiano huo hadi auone ni kazi ya kufundisha, na harakati iliyowakusanya watu wa vyama vya wafanyakazi, makanisa na vyuo ilikuwa, kabla ya mengine yote, somo la hesabu na la dhamiri.

Bunge liliupitisha mswada. Gavana Edward King, ambaye hakuwa na undugu wowote na Mel, alitumia kura ya turufu kuuzuia. Mwanzoni mwa Januari 1983, katika siku za mwisho za muhula huo, bunge lilikusanya kura za kutosha kuipindua turufu ya gavana, na Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kuamuru mifuko yake ya pensheni iondoe kabisa uwekezaji wake katika makampuni na mabenki yaliyofungamana na Afrika Kusini ya ubaguzi. Ilikuwa miongoni mwa kazi za mwisho za Mel King bungeni, maana hakugombea tena kiti kile. Majimbo na miji mingine ilifuata, na mwaka 1986 Kongresi ya Marekani nayo iliipindua turufu ya Rais Reagan na kupitisha sheria ya vikwazo. Nelson Mandela alipofika Boston Juni 1990, miezi michache tu baada ya kutoka gerezani, aliukuta umati mkubwa ukimngoja kando ya mto Charles, katika jimbo lililotangulia wengine. Mazimbu leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ningependa siku moja wanafunzi wake wasikie kwamba upande wa pili wa bahari ya Atlantiki palikuwa na mtu aliyekuwa kazini kwa ajili ya wale waliowatangulia kwenye madawati hayo.

Uchaguzi wa umeya wa 1983 nao ulikuwa wa aina yake. Alikwisha kujaribu mwaka 1979 akatoka wa tatu. Safari hii alikusanya muungano aliouita wa Upinde wa Mvua, wa watu weusi, Walatino, Waasia, wazungu wa tabaka la wafanyakazi, wanawake wa harakati na mashoga na wasagaji ambao siasa za mji ziliwaogopa hata kuwataja. Mwaka uliofuata mchungaji Jesse Jackson, akitafuta kugombea urais, aliupeleka upinde huo katika siasa za taifa zima. Katika duru ya kwanza King na Ray Flynn, mwana wa South Boston aliyewahi kukaa naye bungeni, walikaribiana mno kwa kura. Novemba Flynn alishinda kwa karibu theluthi mbili. Katika mji ambao miaka tisa tu kabla yake ulikuwa ukiyapiga mawe mabasi ya watoto, wagombea hao wawili walizungumzia nyumba, kodi za pango na ajira, na wakaheshimiana hadi mwisho. Alishindwa, naam, lakini miongoni mwa waliofanya kampeni ile walipatikana watu walioendesha mashirika ya mitaa na ofisi za umma kwa miongo iliyofuata. Mwaka 1986 aligombea kiti cha Kongresi, akashindwa tena, na baada ya hapo hakuhangaika na vyeo.

Nyumbani kwake Yarmouth Street, yeye na mkewe Joyce, waliyefunga ndoa mwaka 1951, waliweka utaratibu wa kuwakaribisha watu kwa chakula cha Jumapili. Alikuja mwanafunzi, mgombea wa udiwani, mgeni aliyeshuka jana kutoka nchi nyingine na jirani aliyetaka kulalamikia takataka. Kwetu uswahilini baraza la nje hufanya kazi hiyohiyo, na pengine ndiyo maana kila nilipowasikia wazee wa South End wakiyasimulia makaribisho hayo sikuona ugeni wowote ndani yake.

Mwaka 1997, akielekea umri wa miaka 70, alianzisha kituo cha teknolojia ndani ya majengo ya Tent City yenyewe. Wakati huo intaneti ilikuwa ikiingia majumbani mwa wenye uwezo, na yeye aliona dalili za mgawanyiko mpya kati ya wanaotumia tu kilichotengenezwa na wengine na wale wanaoweza kukitengeneza. Watu walifundishwa bure au kwa ada ndogo kutumia kompyuta, kisha kuzifungua na kuzitengeneza. Mwaka 2003 kituo hicho kilipata, kwa ushirikiano na Neil Gershenfeld wa MIT, karakana ya kidijiti ya kwanza kuwekwa nje ya chuo hicho, yenye mashine za kukata kwa leza na vifaa vya kuunda saketi. Mwaka uliofuata karakana kama hiyo ilifunguliwa Takoradi, Ghana. Leo zipo katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Anayezisifu karakana hizo kama uvumbuzi wa wahandisi akumbuke kwamba ya kwanza kuhudumia mtaa ilifungua mlango wake mahali palipopigwa mahema mwaka 1968.

Mpango wa kituo hicho ninaoupenda kuliko yote ni wa vijana wa sekondari. Huanza kwa kujifunza wao wenyewe kupanga programu za kompyuta, kubuni vitu na kuvitengeneza, na majira ya kiangazi yakifika hugawanyika katika vikundi na kwenda kwenye kambi na vituo vya watoto vya Boston kuwafundisha wadogo zao yote waliyojifunza. Kazi hiyo wanalipwa ujira. King alishikilia kwamba kijana anayefundisha anafanya kazi halisi, na kazi halisi ina malipo, hata kama mfanyakazi ana miaka kumi na mitano na wanafunzi wake wana minane.